Karatasi ya Majani Chai Chini ya Nyuzi

Anko,

Sasa kuna Mokua mwingine. Shangazi Bosibori alijifungua juzi, na kabla hajamaliza kikombe cha kwanza cha uji, Babu alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake akiuliza, "Ni kijana?" Akaambiwa ni kijana. Akasema, "Basi Mokua amerudi," akaenda zake kuangalia ng'ombe. Unajua tulivyo. Mtu akituacha, jina lake halikai muda mrefu bila mwenyewe.

Nitakuambia ukweli, nilimwonea wivu yule mtoto. Anaitwa jina lako na hata shingo yake bado haijakaza. Wanawake wanasema ana vidole vyako, lakini mtoto mchanga ana vidole vya kila mtu. Kitu kimoja tu ndicho nimekubali ni chako. Akilia huwa anakatiza katikati, kama wewe ulipokuwa ukirekodi, ananyamaza kama anayesikiliza amefika wapi, halafu anaendelea.

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua ya kirafiki huanza kwa kumuuliza mtu hali yake. Nimeandika hiyo sentensi mara kadhaa na nimeifuta kila mara. Sitakuuliza. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndiyo ilikuwa lugha ya studio yako. Kiekegusii ni cha nyumbani, na nyumbani ukifungua mdomo kila mtu anasikia na kila mtu ana maoni. Kiingereza ni cha mtihani. Kiswahili ndicho ulichozungumza na wale watu waliokuja kutoka mbali na gita zao ndani ya magunia, na ndicho ulichotumia kuniambia siku ile nilipotumwa nikuletee chakula nikabaki nimesimama nje na sufuria: "Ingia, Kemunto. Mlango si kiti."

Sasa hivi nimekaa studio. Treya za mayai za kumeza mwangwi bado ziko ukutani, ila Josia, fundi wako wa kurekodi, amebeba kompyuta yake, na ile blanketi ya kijivu ya dirishani Mama ameichukua akaifue. Mwenye ploti anataka kuweka posho mill hapa, asage mahindi. Fikiria, Anko, mahali ulipokuwa unafukuza hata kuku wasilie, patakuwa na posho mill! Baba alijaribu kumwomba, lakini yeye yuko kazini Itumbe kwenye kiwanda cha chai wiki nzima, na wewe unajua Baba akiomba kitu anaomba kama anayeomba radhi.

Nataka kukuambia habari za ule wimbo wa kikapu cha majani chai, ule wa mwisho wa kwaya, uliouacha bila gita. Umeisha. Na ulivyoisha, heri usikie kutoka kwangu kabla Mama Moraa wa kwaya hajafika huko akakueleza vibaya.

Lakini acha nianze na mazishi, kwa maana hukuyaona, na ulipenda sana habari za watu.

Walikuja wengi. Kulikuwa na yule mzee wa Kikamba uliyepiga naye gita River Road, kule Nairobi. Alishika kipaza sauti akasema, "Mimi nimefanya kazi na huyu bwana miaka mingi na nilijua ni wetu kabisa. Nilipopigiwa simu nikaambiwa mazishi ni Nyamira, nikawaambia, aka, mmekosea maiti." Watu wakacheka, hata Babu. Kabla hajaketi, mwingine kutoka upande wa Kakamega akaruka juu: "Mkamba wapi? Huyo alikuwa Mluhya! Mimi mwenyewe nilimpa kuku!" Kisha yule wa rumba akasimama, yule wa viatu vyeupe, na kufikia hapo viatu vilikuwa vimekuwa vyekundu kwa udongo wetu hadi kwenye kamba. Yeye hakubishana na mtu. Alisema tu kwamba kuna nyimbo zake ambazo watu humsifu kwa gita, na huwa anasema asante.

Nilikumbuka ulivyokuwa unaniambia: "Mwenye wimbo ndiye mwenye nyumba. Mimi ni mgeni. Mgeni mzuri anakula kama wanavyokula wenyeji." Asubuhi unapiga benga mpaka mwenye benga anakuuliza ulizaliwa ufuo gani wa ziwa. Ikifika saa nne unapigia kwaya ya Wakatoliki, umeinamisha kichwa. Halafu anakuja mtu wa Nyacheki na tangazo la redio la mbolea, na gita lako linakuwa mbolea. Wewe ulikuwa hivyo.

Na nilikumbuka albamu yako mwenyewe, ile yenye picha yako na koti la kuazima. Uliniambia watu waliisikiliza wakasema ni nzuri, lakini ni ya nani? Kwa maana huku ilifanana na huyu, kule ilifanana na yule. Ulikuwa unacheka ukinisimulia. "Nimevaa makoti ya watu hadi langu limenibana." Nilicheka na wewe, lakini nilikuwa naangalia mikono yako, na mikono haikuwa inacheka.

Sasa, Babu. Babu aliongea mwisho, kama baba yako na kama mzee wa kanisa, kwa hiyo aliongea mara mbili. Akasema anamshukuru Mungu kwamba mwanawe alitoka kwenye gita za dunia akarudi nyumbani akaipa kwaya yetu ile sauti. Unajua anavyoiita. "Ile sauti ya mabawa ya makerubi, kama ilivyoandikwa katika Ezekieli." Akainua fimbo. "Na ninashuhudia mbele yenu, hakuna kitu cha giza la zamani kilichoingia katika nyimbo zile!"

Anko, mimi nilikuwa nyuma ya jiko namenya ndizi na akina mama. Nilianza kutetemeka. Nilifunika uso kwa leso. Akina mama wakaacha visu, wakanikumbatia, mmoja akasema, "Lia mama, lia, utoe yote." Hawakujua nilikuwa nacheka. Nilicheka hadi nikakosa pumzi, na wakati fulani humo ndani kicheko kiligeuka, sijui ni wapi, nikawa nalia kweli. Hiyo ndiyo siri yangu ya mazishi yako. Mimi nimekulilia kwa kuanzia na kicheko.

Kwa sababu makerubi wa Babu walitoka kwenye pakiti ya majani chai.

Ni wewe na mimi tu tuliojua. Ilikuwa mchana, mvua imekuja kama kawaida, hakuna anayeweza kurekodi chini ya mabati hayo, na kwaya ilikuwa imeshuka kwa duka kunywa soda. Ulichana ile karatasi ya ndani ya pakiti, ile inayong'aa, ukaikunja nyembamba, ukaipitisha chini ya nyuzi karibu na pale zinapofungiwa. Ukapiga. Gita likaacha kuwa gita. Likanguruma kutoka tumboni, kama nyuki ndani ya mzinga mtu akiupigapiga.

"Unasikia nini?" ukaniuliza. Sikujibu, nilikuwa sijibu watu siku hizo. Ukasema, "Hiyo ni obokano."

Mimi obokano nilikuwa nimeiona kwenye kitabu cha shule tu, kile chombo kikubwa cha nyuzi cha watu wetu, mzee amekaa kwa kigoda amekikumbatia kama ndama. Ukanieleza kwamba babake Babu alikuwa mpigaji wake, akiitwa kila penye pombe na kila penye harusi. Na kwamba Babu, akiwa kijana, siku aliyobatizwa, obokano hiyo ilipasuliwa kuni, na maharagwe ya sherehe ya ubatizo yakapikiwa juu yake. Uliambiwa na Nyanya kabla hajafa. Babu mwenyewe hakuwahi kuitaja. Ukaniambia, "Sauti yangu mwenyewe, Kemunto, ni hii moja tu. Nyingine zote nimeazima." Halafu ukaiweka kwenye nyimbo za kwaya ya kanisa la Babu, wimbo baada ya wimbo, mbele ya macho yake, na yeye ameketi pale kwenye kochi, kofia kwenye goti, akifumba macho na kusema makerubi.

Na kule hospitali Kisii, ulipokuwa umevaa ile mipira ya pua na sauti yako imekuwa ya karatasi, Mama alipotoka kutafuta daktari uliniambia kitu kimoja. Hukusema maneno makubwa. Ulisema, "Kile kikapu. Kiwekee nyuki."

Nilitikisa kichwa kukubali. Kama ningejua ni mara ya mwisho, ningejibu kwa mdomo.

Basi, siku ya kurekodi. Kwaya ilikuja asubuhi, kwa sababu ya mvua. Sauti zao zilikuwa zimesharekodiwa ukiwa mzima, ila walitaka wawepo, Mama Moraa anasema wimbo ukimaliziwa bila wenyewe ni kama mtoto kuogeshwa na jirani. Josia alikuwa amejitayarisha na kinanda chake. Babu akakaa kwenye kochi, kofia kwenye goti. Josia akabonyeza, wimbo ukaanza, "Bwana, pima kikapu changu, kung'uta umande kwanza," na pale palipokuwa pako Josia akapiga kinanda.

Kilikuwa kizuri, Anko, sitamsema Josia vibaya. Lakini Babu alifungua macho.

"Mabawa yako wapi?"

"Babu, kwa hii mashine hayapo," Josia akasema. "Niko na violini. Niko na filimbi. Niko na hata helikopta."

"Sitaki helikopta."

"Nilikuwa nasema tu, Babu."

Kisha Mama Moraa akageuka, na mimi nilikuwa pale kwenye kona yangu nyuma ya spika. "Si muulize huyu Kemunto? Si ndiye alikuwa anashinda humu hadi mimi nikadhani ni kiti?"

"Huyo?" mmoja wa sauti ya kwanza akasema. "Huyo ukimsalimia anajibu na nyusi."

"Na msichana na gita wapi na wapi?"

"Wewe nyamaza, hata wewe hukuwa unajua kuimba, ulifundishwa."

Wote wakaniangalia. Nilitaka ukuta unimeze pamoja na treya zake. Lakini sikuwa naogopa wao tu. Nikuambie nilichokuwa naogopa. Kupiga ulinifundisha wewe, na ningeweza kupiga bila karatasi. Hakuna angenilaumu. Lakini wewe ulisema nyuki. Na nikiweka nyuki, itabidi niweke mbele ya Babu, mchana kweupe, karatasi mkononi. Wewe ulikuwa unaiweka ukiwa umempa mgongo. Mimi sina mgongo mpana kama wako. Akiona, atajua. Atajua kwamba kile alichokichoma kimekuwa kikiimba kanisani kila Sabato. Atazitupa nyimbo zote. Na mabaya zaidi, atakaa na kaburi lako pale kwenye migomba, akilipita kila asubuhi akienda kukamua, akijua kwamba mwanawe alimchezea. Ndiyo kwanza alikuwa amekusamehe miaka ya River Road. Niliogopa kukuondolea mabawa yako ukiwa umelala, huwezi kujitetea.

Josia akasema, "Kemu, wingu linakuja."

Nikatoa gita lako ukutani. Likawa zito. Nikalitafutia sauti. Halafu nikatafuta ile karatasi yako ya zamani ndani ya mkebe na haikuwepo, nadhani Mama aliifagia akidhani ni takataka. Ikabidi nichukue pakiti ya majani pale kwenye meza ya chai, mpya, nikaimwaga ndani ya bakuli na kuipasua.

"Wee! Hayo ni majani ya kesho!" Mama Moraa akalia.

Nikakunja. Nikapitisha chini ya nyuzi. Nikapiga uzi mmoja tu, ule mnene, na nyuki wakaingia chumbani.

Kwaya wakashangilia. "Ndiyo hiyo! Ndiyo hiyo, ati karatasi tu?" Mama Moraa akapiga kigelegele. Mimi nilikuwa namwangalia Babu. Alikuwa hajafumba macho. Alikuwa anaangalia karatasi.

Akasimama. Akaweka kofia kwenye kochi, akaja polepole, na watu wakampisha kwa sababu ya uso wake. Akainama karibu kabisa na gita, kama mtu anayenusa maziwa kama yameharibika. Akagusa uzi kwa kidole chake kile chenye kucha iliyopasuka. Ukanguruma. Akauacha ungurume mpaka ukaisha wenyewe.

Kisha akasema kwa Kiekegusii, kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuipata, "Ile ya tata, baba yangu, ilikuwa nzito kuliko hii. Huo uzi mnene ulegeze."

Sikuelewa, au nilielewa nikaogopa kuelewa. Nikalegeza.

"Tena."

Nikalegeza tena, hadi uzi ukaanza kupigapiga mbao.

"Hapo," akasema. Akarudi, akachukua kofia, akaketi. Na kwa Kiswahili, kwa sauti ya mzee wa kanisa, "Haya, tufanye kazi. Mvua haitungoji."

Nikapiga. Anko, sikupiga kama wewe. Kuna mahali nilichelewa, na kuna mahali nilikimbia, Josia amesema ataniacha hivyo hivyo. Lakini ule uzi uliolegezwa uliingia chini ya sauti za akina mama kama mtu anayeingia kitandani kwake. Niliona Mama Moraa ameshika mdomo. Nilikuwa na furaha. Nakiri hilo pia, kwamba nilikuwa nimeshika gita la mtu aliyekufa, mtu niliyempenda kuliko karibu wote, na nilikuwa na furaha.

Mvua ikaja tukiwa tumemaliza mstari wa mwisho. Sikia mwisho wake vizuri, kuna matone mawili matatu ya mabati humo ndani. Josia alitaka kuyatoa. Mama Moraa akamwambia akiyatoa atamtoa yeye.

Ilipopungua, Babu akabeba gita. Yeye mwenyewe, Anko. Amepita nalo katikati ya soko la Ikonge, mzee wa kanisa na gita begani, akisalimia watu kama aliyebeba jembe. Mtu wa viazi akamwuliza, "Mzee, umeanza lini?" Akamjibu, "Jana." Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba fimbo.

Tulipofika nyumbani, akanipa gita kwenye mlango wa jikoni, na moto ulikuwa unawaka humo ndani, Mama anapika. Babu akauangalia moto. Akasema, "Unajua, ile haikushika haraka. Tulipuliza asubuhi yote."

Mimi ambaye sijawahi kumuuliza Babu swali maishani mwangu, nikauliza. "Na maharagwe, Babu?"

"Hayakuiva vizuri." Akafikiria kidogo. "Tulikula hivyo hivyo."

Kisha akaenda kuangalia ng'ombe.

Sijui alijua tangu lini. Labda alijua siku zote, na ile habari ya Ezekieli ilikuwa ni mlango aliokufungulia ili upite bila yeye kulazimika kukuona. Labda alijua siku hiyo tu, kidole kilipogusa uzi. Nimewaza sana, na huwa nasimama pale pale. Wewe ungejua, ulikuwa unajua mtu kwa vile anavyovuta pumzi kabla ya kuimba. Ninachokijua ni kwamba Sabato iliyofuata aliupita mgomba wa kwanza, akasimama kwako kidogo, na nikamsikia ananguruma. Hakuwa anaimba. Ananguruma tu, chini kabisa, mdomo umefungwa.

Basi, Anko, nimeshafagia. Treya za mayai nazibeba nyumbani, Mama anataka kuzirudishia mayai, lakini nitazificha chache. Gita liko na mimi. Uzi mnene sijaukaza na sitaukaza, hata watu wa benga wakinung'unika. Nitajifunza kuwa mgeni mzuri kwenye nyumba za watu kama wewe, ila nitavaa koti langu mapema kabla halijanibana. Mtoto akikua nitamketisha kwenye kochi nimwambie jina lake lilikuwa linapiga nini. Na nakuahidi hili, ambalo kwangu ni gumu kuliko gita: mtu akinisalimia nitamjibu kwa mdomo. Nimeanza na Mama Moraa. Alishtuka hadi akasahau alichokuwa anataka kunisema.

Pale hospitali nilikujibu kwa kichwa. Sasa najibu: ndiyo, Anko. Nimekiwekea nyuki.

Lala salama kwenye migomba. Matone yameanza kugonga mabati, makubwa, ya kwanza kwanza, na wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba yakianza hivyo hakuna la kuongeza.

Mvua imekuja. Tufunge.

Kemunto wako